Diski ya Wariara

Asubuhi za Molo hazina huruma. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na ukungu unafunika mashamba ya viazi hadi huoni ua la jirani. Lakini kabla jua halijatoka, Wariara alikuwa tayari zizini na gamubuti zake, akipiga gumzo na kondoo.

Wariara alikuwa mtoto wa Grade Two. Mdomo wake ulikuwa cherehani. Mama yake, Milcah, akiwa jikoni alimsikia akimkaripia huyu na kumsifu yule, kwa Kikuyu kitupu. Alimjua kila kondoo kwa jina. Alijua mwatĩ, jike ambaye hajazaa bado. Alijua ndũrũme, dume la kundi. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alikua nao tu.

Kipenzi chake kilikuwa Njiru, kondoo mwenye uso mweusi. Njiru alikuwa na mimba kubwa. Baba yake, Karanja, alikuwa amemwahidi.

"Njiru akizaa, mtoto ni wako. Wewe ndiwe utamlea."

Tangu siku hiyo Wariara hakulala vizuri kwa furaha.

Shida ililetwa na shule. Siku ya mkutano wa wazazi, Milcah aliambiwa mbele za watu kwamba msichana wake ni mzito. Hajui wanyama kwa Kiingereza. Eti hajui wanyama! Milcah alitazama chati iliyokuwa ukutani. Aliona mnyama mwenye pembe kama matawi, akivuta gari kwenye theluji. Aliona mwingine mwenye mistari usoni, anayeishi shimoni huko Ulaya. Nani Molo amewahi kukutana na hao? Na watoto walikuwa wakiimba majina yao kila asubuhi kama kasuku.

Tena kulikuwa na diski. Diski ni kipande cha mbao chenye kamba. Mtoto akipatikana akiongea Kikuyu, au Kiswahili nje ya somo la Kiswahili, anavalishwa shingoni. Anakaa nayo hadi amnase mwenzake akikosea, amvishe yeye. Anayebaki nayo jioni anafagia darasa huku wengine wakimcheka. Haya, niambie wewe, hayo ni masomo au ni kufundisha watoto kuwindana? Wariara alikuwa anafagia karibu kila siku.

Karanja aliposikia, aliumia. Si kwamba hakumpenda mtoto. Alimpenda sana, na hapo ndipo alipokosea. Alipokuwa kijana aliwahi kwenda kutafuta kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme. Walimuuliza maswali kwa Kiingereza, ulimi ukamkwama, wakacheka. Alirudi nyumbani na kicheko hicho masikioni.

"Mtoto wangu hatachekwa kama mimi," alimwambia Milcah. "Kuanzia leo, hapa kwangu ni Kiingereza tu."

Alichukua kifuniko cha mkebe wa rangi, akakitoboa, akatia kamba. Akamvika Wariara. Hiyo ikawa diski ya nyumbani. Na Milcah, tuseme ukweli, hakumkataza. Aliona labda ndiyo dawa.

Dawa gani! Nyumba ilinyamaza. Wariara alikula kimya, akaosha vyombo kimya. Akitaka maji, alinyoosha kidole. Hata zizini alinong'ona, akitazama nyuma kama mwizi.

"Umeona?" Karanja alisema. "Ameacha kelele. Sasa anafikiria kwa Kiingereza."

Jumamosi moja alasiri, Karanja na Milcah walikuwa nyuma ya nyumba, wakichagua viazi vya kupakia kwenye lori. Wariara alikuja mbio kutoka malishoni. Alikuwa na matope hadi magotini na pumzi juu juu.

"Mami! Njiru..."

"English!" Karanja alisema bila kuinua kichwa.

Mtoto alishika kile kifuniko shingoni. "Sheep," alisema. "The sheep..."

"Good! The sheep is what?"

Wariara alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Aligeuza mikono yake juu chini, juu chini. Machozi yalimlengalenga.

"Wacha michezo ya mikono," Karanja alisema. "Sema na mdomo. The sheep is what?"

Milcah alimwona mtoto akimtazama yeye. Alitaka kusema, "Niambie tu, mama." Lakini lori lilikuwa linangoja, na mume wake alikuwa ameshasema. Akainamia viazi vyake. Wariara alisimama hapo kidogo, kisha akageuka, akaondoka taratibu.

Lori lilipoondoka, Milcah alienda kurudisha kondoo zizini. Njiru hakuwepo. Alimkuta kwenye mtaro, amelala chali, miguu minne juu, tumbo limevimba kama ngoma. Alikuwa amekufa. Wariara alikuwa ameketi kando yake, nguo zote zimeloa tope. Alikuwa amejaribu kumgeuza peke yake, mtoto mdogo kama yule.

Wafugaji wanajua. Kondoo mwenye mimba au manyoya mengi akianguka chali kwenye bonde dogo, hawezi kujiinua. Gesi inamjaa tumboni, inambana mapafu, anakufa. Lakini akipatikana mapema, kumwokoa ni kazi ndogo. Unambiringisha kwa ubavu, unamsimamisha, unamshikilia hadi miguu ipate nguvu. Basi.

"Wariara," Milcah alisema. "Mbona hukutuambia?"

"Nilijua kusema kwa Kikuyu," mtoto alijibu. "Kwa Kiingereza sikujua."

Milcah alihisi hasira ikipanda kutoka kwenye nyayo. Alikata ile kamba kwa panga alilokuja nalo, akambeba Wariara mgongoni, akarudi nyumbani kwa hatua ndefu. Karanja alikuwa akinawa mikono.

"Njiru amekufa," alimwambia. "Na mtoto wake tumboni. Wariara alikuja kutuita, Baba Wariara! Alikuja mbio! Na sisi tukamwambia nini? Tukamdai Kiingereza! Nyumba ikiungua, pia tutamdai Kiingereza?"

Karanja alifungua mdomo. Ikawa zamu yake kukosa maneno.

Milcah hakumngoja. Alichukua kile kifuniko, akaenda nacho moja kwa moja kwa jirani yao, Mwalimu Manju. Manju alikuwa amefundisha madarasa ya chini mjini Nakuru kwa miaka mingi. Alipostaafu, yeye na mumewe walifungua duka la chakula cha mifugo hapo Molo. Karanja naye alifuata nyuma, kichwa chini.

Manju alisikiliza hadi mwisho. Kisha alikishika kile kifuniko kwa vidole viwili, kama panya aliyeoza.

"Hii kitu bado iko?" alisema. "Mimi niliivaa nikiwa mdogo! Kwetu Bondeni, mtaa wa Nakuru, nyumbani tuliongea Kigujarati. Nje na watoto wenzangu, Kiswahili. Kiingereza nilikipata darasani, na nimekifundisha maisha yangu yote. Lugha moja haikufukuza nyingine. Nani aliwadanganya kwamba mtoto ana nafasi ya lugha moja tu?"

"Lakini Mwalimu," Karanja alisema kwa upole, "mitihani ni ya Kiingereza. Dunia ni ya Kiingereza. Nifanye nini?"

"Mfundishe Kiingereza! Nani amekataa? Lakini usimnyang'anye lugha aliyo nayo. Hiyo ndiyo ukuta. Kiingereza ni paa. Ukibomoa ukuta, paa utaliweka juu ya nini? Hata mtaala wenyewe unataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Sasa nikuulize, Karanja. Kondoo jike kwa Kiingereza anaitwaje?"

Karanja alikuna kichwa. "Female sheep."

"Anaitwa ewe, inatamkwa 'yuu'," Manju alisema. "Mtoto unamdai neno ambalo wewe mwenyewe huna! Lete shingo nikuvishe."

Milcah alicheka bila kupenda, huku bado anafuta machozi.

Kesho yake, baada ya kanisa, Manju alikuja zizini. Hakuja na chati. Alimwomba Wariara amfundishe kwanza.

"Huyu mnamwitaje kwa Kikuyu?"

Wariara alimtazama baba yake. Karanja alitikisa kichwa kukubali. "Sema tu, mama. Sema yote."

Basi cherehani ikawaka tena. Huyu ni nani, yule ni mtoto wa nani, huyu ni mkorofi. Manju alisikiliza Milcah akimtafsiria, akauliza, akajibiwa. Ndipo akaanza kuongeza Kiingereza juu yake, kidogo kidogo. Jike ni ewe. Dume ni ram. Mtoto wao ni lamb. Wariara alimgusa kila mmoja na kulitamka jina lake.

"Usimpe maneno mengi kwa siku moja," Manju aliwaambia wazazi. "Mpe machache, ayatumie. Neno peke yake ni yatima. Mpe na kazi yake: the lamb is jumping, the ram is eating. Akikosea, msimcheke. Rudieni ninyi kwa usahihi, kisha mwendelee. Kesho mwambieni awafundishe ninyi. Atakayefundisha hatasahau."

Wakafanya hivyo. Wakikamua, ni cow na calf. Wakilisha kuku, ni hen na chick. Karanja alijifunza pia, na Wariara alimrekebisha bila huruma.

Lakini Milcah hakuwa amemaliza. Jumatatu alienda shuleni pamoja na Manju, akaweka kile kifuniko juu ya meza ya mwalimu mkuu.

"Tuliiga hii kutoka hapa kwenu," alisema. "Imetuulia kondoo. Namshukuru Mungu haikuwa mtoto ameanguka kisimani, na mwenzake amenyamaza kwa kukosa Kiingereza."

"Mama Wariara, hiyo ni desturi ya shule," mwalimu mkuu alisema. "Wazazi ndio wanataka."

"Mimi ni mzazi. Mimi sitaki! Mnamwita mtoto mzito, na hamjamuuliza hata mara moja anajua nini."

Haikuisha siku hiyo. Mwalimu mkuu alizunguka maneno, akaahidi kufikiria. Milcah alipita nyumba kwa nyumba, akiwasimulia wazazi habari za Njiru. Mkutano uliofuata, walisimama wengi. Diski ikaondolewa. Mwalimu wa Wariara, Teacher Cate, alitundika chati mpya yenye kondoo, ng'ombe, mbuzi, na flamingo wa Nakuru. Siku moja aliwaleta watoto zizini kwa Karanja, na aliyewaongoza alikuwa Wariara.

Mvua ndefu zilipoanza, Wariara alitoka malishoni mbio tena, matope hadi magotini.

"Baba! Nyange nĩagwa! Yuko chali mtaroni!"

Karanja hakuuliza lugha. Alitupa jembe, akakimbia. Nyange, kondoo wao mweupe, alikuwa kwenye mtaro ule ule, miguu juu, bado anahema. Karanja alimbiringisha, akamsimamisha. Wariara alimshikilia kwa upande wa pili hadi miguu ilipoacha kutetemeka. Wiki hiyo Nyange alizaa mapacha.

Manju alikuja kuwaona. Alimkuta Wariara amepakata mmoja, wake mwenyewe.

"Ilikuwaje?" Manju aliuliza.

Wariara alisimulia yote kwa Kikuyu, na mama yake akamtafsiria mgeni. Kisha mtoto akasema polepole:

"The ewe was on her back. I called my father. He came."

Karanja aliyaelewa yote. Aligeuka haraka kama mtu wa kufunga lango la zizi, na lango lilikuwa limeshafungwa.