Mkono Usiofika Sikioni

Asubuhi za kule milimani, juu ya Uyole, zilikuwa na raha yake miaka ile ya hamsini. Ukungu ulipanda taratibu kutoka bondeni, viazi vilikuwa vimechanua, na Ezekia alinoa jembe lake huku akiimba besi ya kwaya mpaka kuku wakanyamaza. Mkewe Marta alimwitikia kutoka jikoni. Kati yao alikimbia mtoto wao wa pekee, Asukile, ambaye hata miaka mitano alikuwa hajatimiza, na maswali yake hayakuwa na mwisho.

"Mama, moshi ukipanda unakwenda wapi? Baba, kuku anaota ndoto?"

Basi tegeni masikio, jamaa zangu, mjue namna watu wema wanavyoweza kuivunja amani yao kwa mikono yao wenyewe.

Mtoto yule alikuwa na mikono isiyotulia. Leo kavunja mayai ya kuku anayeatamia, kesho kamfungulia ndama, keshokutwa kang'oa miche ya kabichi ili aone inakula nini chini ya udongo. Marta alikuwa na shauri. Kule misheni kulikuwa na binti mmoja, Mwalimu Tusekile, aliyesomea ualimu upande wa Iringa na kujifunza piano hukohuko. Asubuhi, wakati akina mama wako shambani, aliwakusanya watoto wadogo ukumbini na kuwafundisha kupiga piano ile kuukuu ya misheni.

"Baba Asukile, tumpeleke na wetu," Marta alisema.

"Akafanye nini? Asukile, njoo hapa. Gusa sikio."

Mtoto akapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, akajinyoosha hadi ulimi ukatoka nje. Vidole viliishia juu ya nywele.

"Umeona?" Ezekia akacheka. "Bado huyu. Kumfundisha sasa ni kumwagia maji jiwe."

Wazee wenzangu mnakumbuka kipimo hicho. Tarehe za kuzaliwa hazikuandikwa, kwa hiyo mtoto aliingia darasa la kwanza pale vidole vyake vilipogusa sikio la upande wa pili. Kilikuwa kipimo cha umri tu, lakini sisi tukakifanya kipimo cha akili. Mkono usipofika sikioni, tukasema na kichwa bado hakina kitu. Ajabu yetu sisi!

Wakati wa palizi Ezekia alichukua kamba ya ndama, akamfunga Asukile kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya kibaraza, na uji kando. Usinikunjie uso, msomaji. Nyumba ngapi zilifanya hivyo, tukasema ni kwa usalama wa mtoto? Marta hakupenda, lakini alishika jembe akamfuata mumewe ng'ambo ya kijito.

Siku moja mvua ya mawe ilishuka bila hodi. Maua ya pareto yalilala chini, na kijito kikafura kikawa mto. Marta alisimama ukingoni akipiga mayowe, Ezekia amemshika asijitupe majini. Maji yalipopungua wakavuka mbio. Walimkuta Asukile amejikunyata kwenye nguzo, midomo ya bluu, kiuno kimechubuka kwa kuivuta kamba. Alikuwa ameita mpaka sauti ikakauka.

Kichomi kilimlaza muda mrefu. Waganga wa misheni walimtibu, mwili ukapona, lakini kinywa hakikupona. Asukile hakusema tena, hata kuomba maji. Na kila baba yake alipoingia ndani, mtoto alificha mikono yake nyuma ya mgongo.

Hilo lilimuua Ezekia akiwa hai. Besi yake ikakoma. Majirani hawakukosa la kusema: mara kalogwa, mara wamemkosea nani. Marta aliwasikiliza wote, akalia mpaka machozi yakaisha, kisha akakasirika. Na hasira ya mwanamke mpole iogopeni. Asubuhi moja alimbeba mwanawe mgongoni, hakuaga mtu, akashuka nayo njia ya misheni.

"Haongei, mwalimu," alisema mlangoni, aibu imemjaa.

"Ndaga, mama. Karibuni," Mwalimu Tusekile alijibu kwa salamu ya kwao. "Mimi sitaki aongee. Nataka asikilize."

Watoto walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mwalimu alibonyeza kinanda mara moja tu, akakiacha kilie. "Sauti ikiisha kabisa, inua mkono," alisema. Wakanyamaza wale watundu, pua zimeelekezwa juu, wakiifuata sauti mpaka ikapotea. Mikono ikainuka. Ya Asukile ilibaki nyuma ya mgongo.

Marta alirudi naye kesho yake, na tena, na tena. Mwalimu hakumlazimisha. Asubuhi moja, sauti ilipokwisha, mkono mmoja mdogo ulichomoza kutoka nyuma ya mgongo ukapanda nusu. Marta aliuma ncha ya kitenge chake asije akapiga kigelegele. Baada ya hapo kidole kikagusa kinanda. Kisha vidole viwili, kwa zamu, polepole.

Lakini kijijini siri haina kifuniko. Ezekia aliambiwa kwenye gulio kwamba mkewe anamchezesha mgonjwa vinanda vya Wazungu. Alikuja mbio, jembe begani.

"Mama Asukile! Nilisema mtoto hajafika!"

Marta alisimama mlangoni. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kumzibia mumewe njia. "Ingia, baba Asukile. Ila jembe liache nje, na sauti yako pia."

Akaliweka jembe chini.

Ndani aliona watoto wamepanga mstari wakingoja zamu, na katikati yao mwanawe. Hakuna kamba. Hakuna aliyemshika. Yule aliyeshindwa kutulia hata wakati wa sala ya chakula alikuwa amesimama wima, anangoja. Zamu yake ikafika. Akabonyeza, na kwa kila mbonyezo midomo ikacheza.

"Moja," ikasikika, sauti ya kukwaruza. "Mbili. Tatu. Nne."

Asukile akaiacha ile ya mwisho ilie hadi ikafifia, akamgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, sauti ikiisha inakwenda wapi?"

Kabla Mwalimu Tusekile hajajibu, sauti nzito ilitoka karibu na mlango. Ezekia alikuwa ameipokea sauti ile ile ya kinanda, kwa besi yake, taratibu, machozi yakimchuruzika mpaka ndevuni. Asukile akageuka akamtazama baba yake. Mikono yake ilibaki pale pale juu ya kinanda.

"Imekuja kwako," mtoto alisema.

"Imekuja kwangu, mwanangu," Ezekia akajibu. "Nisamehe."

Kamba ikarudi kwa ndama. Palizi iliyofuata, Ezekia mwenyewe alimpeleka Asukile misheni kabla ya kwenda shambani. Na siku ya kuandikisha darasa la kwanza ilipofika, Mwalimu Yotamu wa shule ya kijiji alimwambia mtoto aguse sikio. Vidole vilikosa kidogo tu kufika.

"Arudi mwakani," alisema Mwalimu Yotamu.

"Usimpime sikio la nje, mwalimu!" Ezekia alidakia, mpaka wazazi wengine wakageuka. "Hilo nilimpima mimi, nusura nimzike. Mpime la ndani. Mwambie ahesabu. Mwambie asikilize. Mwambie angoje zamu yake."

Wazazi wakacheka, Mwalimu Yotamu akacheka, naye Asukile akahesabu mpaka akaambiwa basi, inatosha. Akaandikishwa siku ileile.

Funzo

Enyi wazazi, mtoto hajifunzi akishakua. Hujifunza ndipo akue. Mikono isiyotulia haiombi kamba, inaomba kazi. Mtoto mdogo akifundishwa piano, anafundishwa kusikiliza, kuhesabu, kungoja wenzake na kutouogopa mkono wake mwenyewe, na hayo atayachukua hadi darasani na shambani. Kama kwenu hakuna piano, ipo ngoma, yupo mama anayeimba. Udongo uwahi ungali maji. Usingoje mkono ufike sikioni, maana siku utakapofika, huenda wewe ndiye uliyekwisha kumziba kinywa.