Fungu Alilonunua Salama

Katika bonde moja chini ya mji wa Lushoto, watu huamka na baridi, hulala na baridi, na katikati hapo hulima. Salama na mumewe Hashimu walilima kabichi, karoti na viazi. Nyuma ya nyumba yao ilisimama miti mitatu ya matunda damu, iliyopandwa na marehemu baba yake Hashimu. Binti yao, Husna, alikuwa darasa la sita.

Hashimu alikuwa mtu wa maneno mengi na vicheko. Siku moja ya mavuno, wapakiaji wa lori la mboga walimpa vijiti viwili vitatu vya mirungi atafune. Hakuhisi njaa wala uchovu. Alibeba magunia mengi kuliko vijana wote. Watu wakasema, mgosi huyu, mwanamume huyu, ni trekta. Nawe wajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vijiti vikawa fungu zima, na siku za mavuno zikawa siku zote.

Ramadhani ilipokaribia, Hashimu alimwambia mkewe kwamba sasa ameacha. Salama alimshukuru Mungu. Na kweli aliacha.

Lakini aliacha na kucheka pia. Alishinda kitandani, uso ukutani. Futari aliigusa tu. Husna alipokuja mbio kusema amekuwa wa pili darasani, baba yake alisema, "Vizuri," akajifunika blanketi. Salama alidhani ni swaumu. Idi ikaja, ikapita, na Hashimu bado alikuwa amelala.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengine walisema karogwa, wengine walisema ni uvivu tu. Salama aliwaza jambo lake mwenyewe, wala hakumwambia mtu. Aliwaza kwamba mumewe hawapendi tena, yeye na mtoto. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Wakati huo kabichi zilikuwa zimekomaa na zimeanza kupasuka shambani. Lori lilikuwa linakuja Alhamisi. Jumatano Salama alikwenda sokoni. Kila mtu alijua kuwa mirungi imekatazwa na sheria, na kila mtu alijua nani anaiuza. Alinunua fungu moja lililofungwa kwa jani la mgomba, akalificha kikapuni chini ya nyanya. Asubuhi ya Alhamisi aliliweka mbele ya mumewe pamoja na chai.

Hashimu aliliangalia kwa muda mrefu.

"Salama, mimi nilikuwa nimeacha," alisema.

"Utaacha baada ya kabichi, Baba Husna."

Siku hiyo Hashimu alikata kabichi huku anaimba. Aliwatania wapakiaji, akamtania na mkewe. Salama alimtazama akafurahi. Alijiona mjanja, amemrudisha mume wake. Masikini, hakujua alichokifanya.

Hashimu hakuacha baada ya kabichi. Alitafuna kuliko zamani. Alikesha, hakula, akakonda. Kisha akaanza kushuku watu. Alisema mdogo wake Kassimu anataka kumnyang'anya shamba. Alisema kuna watu wanakaa juu ya miti nyuma ya nyumba, wanasikiliza anachosema. Asubuhi moja alichukua shoka, akaiangusha miti ya baba yake, yote mitatu. Husna alimkimbilia analia, akamshika mkono. Hashimu aligeuka, akamwinulia mwanawe shoka.

Hakumpiga. Kassimu aliwahi kumkamata. Lakini Husna alikuwa ameyaona macho ya baba yake. Siku ile ile aliomba aende kwa bibi yake, kule Mlalo, na hakutaka kurudi.

Hashimu alipelekwa hospitali. Alipewa dawa, akalala, akatulia. Huko alikuwapo muuguzi aitwaye Esteria, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, anayehudumia wagonjwa wa akili. Alimketisha Salama kwenye benchi, akamuuliza yote yalivyoanza. Kisha akamweleza.

"Mama Husna, ndani ya ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini. Ukila ukashiba, mtoto akifaulu, ukimaliza palizi, ubongo unaitoa kidogo. Ndiyo inayokufanya uone raha na upate hamu ya kufanya tena. Ikishamaliza kazi, ubongo unaikusanya na kuihifadhi."

"Sasa mirungi inaingiaje hapo?"

"Unaijua ndiva yetu." Ndiva ni bwawa dogo wanamokusanya maji ya kijito, kisha huyafungulia mashamba kwa zamu. "Mtu akija akafungua maji yote kwa mara moja, itakuwaje?"

"Shamba litafurika. Kesho ndiva itakuwa tupu."

"Ndivyo inavyofanya mirungi. Inasukuma dopamini itoke kwa wingi, tena inazuia isikusanywe. Ndiyo maana mtu anachangamka, hasikii njaa wala usingizi. Nguvu zile si mpya, ni mwili wake mwenyewe unakamuliwa. Vidonge vya kukesha na kokeini vinapita njia hiyo hiyo, vingine kwa ukali zaidi. Ubongo ukifurikishwa kila siku, unajikinga. Unapunguza milango ya kupokelea dopamini. Mtu akiacha, vitu vya kawaida havimfikii. Chakula hakina ladha. Mtoto akifaulu, haoni raha. Anakuwa mzito, analala tu."

Salama akauliza polepole, "Kwa hiyo ile Ramadhani, hakuwa ametuchoka?"

"Hapana. Ubongo wake ulikuwa umeanza kupona. Kupona huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kutafuna sana bila kulala ndiko kulikomletea zile shuku. Si kila mtu hupatwa na hayo, lakini yeye yamempata."

"Dada Esteria, mimi ndiye niliyemnunulia," Salama alisema, akaanza kulia.

Esteria alimshika mkono. Hakumdanganya. "Hukujua. Lakini ungengoja, huenda tusingekuwa hapa leo."

Hashimu alirudi nyumbani, na yote yakarudi kama alivyoambiwa Salama: kulala, kununa, kujifunika. Safari hii Salama alijua anachokiona. Hakumtukana, wala hakumsukuma. Alimpikia hata kama hakumaliza. Kila asubuhi alitembea naye hadi kijitoni, na siku za kliniki alimsindikiza kwa Esteria. Alilima na Kassimu, na walichoshindwa kuvuna walikiacha kikaoza. Majirani walimcheka kwamba anamlea mwanamume mzima. Aliwaeleza habari za ubongo, wengine wakasikia, wengine wakaendelea kucheka. Muuza mirungi alipopita karibu na shamba, Salama alimwambia asipite tena njia ile.

Miezi ikapita. Hashimu akashika jembe, kwanza kidogo, kisha nusu siku. Alikwenda kwa Kassimu akamwomba radhi.

Idi ya Kuchinja ya mwaka uliofuata Husna alikuja. Alimwamkia baba yake kutoka mlangoni, shikamoo tu, akaingia jikoni. Yeye ndiye aliyepika. Wakakaa kula, na Husna alichagua mahali pa mbali. Hashimu alitia tonge la wali mdomoni, akasita.

"Mwanangu, umezidisha chumvi," alisema.

Husna alishtuka, akatazama mlango. Lakini Salama alikuwa ameziba kinywa chake kwa kanga, machozi yanamtoka. Ilikuwa muda mrefu mno tangu mumewe aonje chakula akakijua kilivyo. Hashimu alikula hadi akamaliza, kisha akasogeza sahani akaomba aongezwe. Husna alimwongeza, akarudi mahali pake.

Kesho yake Husna alifunga begi lake. Hashimu alimwomba akae. Mtoto alitazama chini, akasema anarudi kwa bibi. Salama alimsindikiza hadi barabarani, akitamani kumwambia habari ya lile fungu chini ya nyanya. Akamwambia. Alimwambia yote.

Husna alisikiliza hadi mwisho. Gari lilipofika alipanda, akakaa dirishani.

"Likizo nitakuja, mama," alisema. "Usimwambie baba bado kwamba nitakuja. Nisije nikashindwa."