Mboni Haikariri

Kila asubuhi baba alilizunguka basi la shule akigonga magurudumu kwa nyundo ndogo. Akimaliza, mimi nilikaa kiti cha nyuma yake. Wanafunzi wenzangu walimwita Kapteni. Hawakujua kwamba Kapteni aliendesha kwa macho ya kuazima, na macho hayo yalikuwa yangu.

"Kushoto, baba. Mwenye baiskeli."

"Nimemwona," alijibu. Hakuwa amemwona, na wote wawili tulijua.

Siku ya madereva kupimwa macho ilipokaribia, baba aliniita uani. "Mwanangu, nikinyimwa cheti cha macho, basi nalo kwaheri. Nisaidie." Nilipompeleka bibi kliniki hiyohiyo ya macho, nililinakili bango la herufi za kupimia macho lililo ukutani. Kwa siku tano nilimkaririsha baba mstari kwa mstari, naye akawa mwanafunzi hodari kuliko mimi. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi ya kupimwa, mtoto wa chekechea alishuka na kupita mbele ya basi, upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeinama nikifunga kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa, basi lilikuwa limeanza kwenda.

"Baba, simama!"

Breki zililia. Bampa lilisimama shubiri moja tu kutoka kwenye begi la yule mtoto. Baada ya kuwashusha wanafunzi shuleni, baba alinichukua twende naye kliniki.

Daktari, mama mmoja mpole, alimfunika jicho la kulia. Baba akasoma bango lote kwa jicho la kushoto, hadi mstari wa mwisho.

"Umesoma haraka, mzee," daktari alisema. Akapunguza taa, akachukua tochi ndogo.

Tochi hatukuifanyia mazoezi.

Alimulika jicho la kulia, na mboni, lile duara jeusi la katikati, ikanywea. Akahamishia mwanga jicho la kushoto. Badala ya kunywea, mboni ikatanuka taratibu. Akarudia mara tatu, ikawa vilevile.

"Jicho hili lina shida?"

"Hapana, daktari. Uchovu tu."

"Mtu hukariri, mzee. Mboni haikariri."

Nililiona tena lile begi dogo mbele ya bampa, nikashindwa kuvumilia.

"Mimi ndiye niliyemkaririsha," nilisema huku nikilia. "Kushoto haoni vizuri. Leo nusura tumgonge mtoto."

Nilidhani baba atanifokea. Alifunika uso kwa viganja tu.

Daktari alituonyesha picha ya jicho. Nyuma yake kuna mshipa wa fahamu unaopeleka habari za mwanga kwenye ubongo. Wa baba, upande wa kushoto, ulikuwa umeharibiwa na presha ya jicho. "Kilichopotea hakirudi," alisema. "Lakini kwa dawa ya matone kila siku, tutalilinda jicho la kulia. Ungechelewa, ungepoteza yote mawili."

Jioni ile baba mwenyewe alimrudishia mkuu wa shule funguo za basi, akamweleza ukweli wote. Baada ya wiki mbili za wasiwasi nyumbani, mkuu wa shule alimpa kazi ya kukagua mabasi kabla hayajatoka. Nyundo yake ndogo anayo hadi leo.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," aliniambia huku nikimtia matone. "Mimi kingeniumbua kifo cha mtoto wa watu. Siku nyingine nikikuomba unifichie jambo kama hili, kataa, hata kama mimi ni baba yako."