Mwanga wa Kwanza Hausubiri Tumalize Kula

Mume wangu ni kinyozi, na hapa nyumbani ana sheria moja. Wakati wa kula, simu zote zinafungiwa kabatini na ufunguo anakaa nao yeye. Mimi ni mkunga, nimeitwa usiku na mchana maisha yangu yote, lakini hata yangu inaingia humo. Ukibisha, hotuba yake itapoza chakula.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, binti yetu alichukua simu yake, akaisoma, akakaa chini. Machozi yakamtoka.

"Nani amefariki?" nikamuuliza.

"Nyota, mama. Imelipuka tukiwa tunakula. Nimeikosa."

Baba yake akacheka. "Nyota ziko tele, mwanangu. Kesho utaona nyingine."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Huyu bwana mkono wake ni mwepesi kwenye wembe, lakini ulimi wake haujui pa kutua.

Binti yetu anafanya kazi na watu wanaoongoza darubini zilizo angani, juu kabisa ya hewa. Zamu yake ikifika, lazima awe tayari. Darubini ndogo ikiona nukta ngeni, simu yake inalia. Anaichunguza nukta hiyo kwenye kompyuta, kisha anaamua kama darubini kubwa igeuzwe itazame pale, au iachwe.

"Haraka ya nini?" baba yake akauliza. "Nyota ikilipuka si inawaka wiki nzima?"

"Hata miezi, baba. Lakini mwanga wa kwanza ni kitu kingine. Nyota kubwa ikiishiwa nguvu, kiini chake kinaporomoka. Mlipuko unaanzia ndani, tusikoweza kuona. Ukifika kwenye ngozi ya nyota, unatoa mwako mkali. Mwako huo unadumu dakika chache au saa chache, basi. Unatusaidia kujua nyota ilikuwa kubwa kiasi gani kabla haijavunjika. Baada ya hapo tunabaki kuangalia vifusi."

"Mbona sisi huku hatuuoni?"

"Sehemu yake kubwa ni eksirei, kama ile ya hospitali. Macho hayaioni, na hewa yetu inaizuia isifike chini. Ndiyo maana darubini zikapelekwa juu."

"Mtoto halii kilio cha kwanza mara mbili," nikasema. Hilo nililielewa bila kufundishwa.

Binti akafuta uso. "Mkuu wetu ameandika. Nikikosa tena, ananiondoa kwenye zamu."

Kinyozi akauliza taratibu, "Huo mwanga umetoka mbali?"

"Umesafiri mamilioni ya miaka, baba."

"Safari yote hiyo, halafu ufike ukute simu iko kabatini." Akatikisa kichwa, akatoa ufunguo mfukoni akampa.

Basi tukahamia kwenye balaa jingine. Mume wangu akajifanya mlinzi. Binti akienda kuoga, simu inakaa kwa baba. Ukimtuma sokoni, anakujibu kwamba yuko zamu.

Alasiri moja binti alikuwa juu ya paa akianika nguo. Chini, kwenye duka lake la kunyolea, baba yake alikuwa anamnyoa ndevu jirani yetu anayeuza magodoro. Simu ikalia. Mtu ambaye hajawahi kumwacha mteja katikati ya kazi alitupa taulo, akapanda ngazi mbio, wembe mkononi. Nilidhani kuna ugomvi.

"Mwanangu, imelia!"

Binti aliruka beseni la nguo, akashuka chumbani kwake. Tukajipanga mlangoni: mimi, mume wangu anayehema, na jirani mwenye povu shavu moja.

"Si nyota tunayoijua," binti alinong'ona. "Wala si hitilafu ya mashine." Akabonyeza. "Nimeomba igeuzwe."

Moyo ulinidunda kama niko wodini.

Darubini iligeuka, ikaukuta mwako unafifia. Lakini wenzake wenye darubini za ardhini walitazama palepale wasione kitu. Mmoja akaandika kwamba pengine wamesumbuliwa bure. Binti yetu akakosa hamu ya kula. Baba yake naye akakosa, na hiyo kwangu ilikuwa ajabu kubwa zaidi.

Siku chache baadaye simu ililia tukiwa mezani. Akaipokea mdomo umejaa. Akasikiliza, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

"Wameiona! Mwanga wa kawaida hufuata baadaye; sasa umeanza kung'aa na kila mwenye darubini anauona. Mkuu anasema sisi tuliukamata mwanga wake wa kwanza. Zamu ni yangu mpaka nichoke mwenyewe."

Nilimkumbatia kwa mikono yangu yenye mchuzi. 

Akatuonyesha picha. Mume wangu akavaa miwani.

"Ni kidoa hiki tu?"

"Ni hicho tu, baba."

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua dirisha, akamwita muuza magodoro ng'ambo ya barabara.

"Jirani, njoo uone kitu ambacho mtoto wetu alikiona kabla ya dunia nzima."