Swichi ya Feni ya Mwalimu

Moshi ulitoka kwenye dashibodi gari likiwa kwenye foleni ya kituo cha mafuta, asubuhi ya baridi kali, na dereva wa nyuma akapiga honi kana kwamba anayeungua ni yeye. Mwalimu wa udereva, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, aliruka nje na kubaki ameduwaa.

"Umeacha ufunguo ndani," sauti ilimwambia. "Shika huu."

Akajikuta ameshika mkate. Mwanamke wa ovaroli ya bluu na kilemba chekundu alizima gari, akaita watu walisukume mbali na pampu, kisha akaingiza kichwa chini ya usukani.

"Feni ya hita unaiwasha namba ngapi?"

"Nne. Wanafunzi wangu wakiogopa wanapumua sana, kioo kinajaa ukungu."

Alicheka humohumo chini. "Plagi ya swichi imeyeyuka. Nifuate gereji kwangu. Na mkate wangu usiubonyeze."

Gereji ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Alikata nyaya zilizoungua, akafunga plagi mpya, akaondoa majani makavu yaliyokuwa yakiikaba feni, kisha akazungusha tepu ya kijani kila alipounga.

"Kijani ndiyo sahihi yangu," alisema. "Ukiiona, ujue mkono wangu umepita."

Mwalimu aliutazama ule mkono, umechafuka grisi, kucha zimekatwa fupi, na akarudi nyumbani si mzima.

Kesho yake alipiga simu.

"Fundi, taa ya breki haiwaki."

"Nitaitazama."

Juma lililofuata akapiga tena.

"Fundi, honi inakoroma."

"Mwalimu, gari ndilo linaumwa au mwenyewe?"

"Ukinipima utajua."

"Mimi napima nyaya, baba. Haya njoo, chai ipo."

Ikawa mazoea. Wanakaa kwenye benchi, yeye na chai, fundi na koleo, wanataniana mpaka wateja wanakohoa. Hapo ndipo fundi alipomweleza habari za bosi wake wa zamani, jitu refu lenye gereji ng'ambo ya barabara. Kila mteja wa fundi akivuka kwenda kule, yule bwana huifungua kazi ya fundi mbele ya watu na kucheka, kwamba umeme si kazi ya mwanamke.

"Waseme watakavyo," fundi alisema, akiitazama chai yake. "Ila anayenipenda hawezi kumpelekea yule mtu kazi yangu."

Mwalimu akasikia vizuri neno "anayenipenda". Mengine hayakumwingia.

Shida ni kwamba gari lilipona. Taa zinawaka, honi inalia. Mwalimu akakosa cha kwendea. Basi akafanya ujinga ambao mtu mwenye akili zake haufanyi: alibandua kifuniko cha swichi akakata waya wa feni. Kisha aibu ikamshika, akausokota tena kwa vidole na kuufunga tepu nyeusi.

Kiungo kilicholegea hupata moto. Siku ya tatu feni ikiwa namba nne, plagi ikayeyuka upya, na aliyekuwa kwenye usukani ni mkunga mstaafu, mama mtu mzima anayejifunza udereva uzeeni.

Gari liliporudi gerejini, fundi alifungua swichi. Akaiona ile tepu nyeusi, nusu imeungua. Akaweka koleo chini.

"Umempelekea yule mrefu."

Ukweli ulikuwa wa aibu kuliko uongo, hivyo Mwalimu akamwacha aamini hivyo.

"Nilidhani wewe ni tofauti," fundi alisema, akampa ufunguo. "Nenda akamalizie mwenyewe."

Siku zilizofuata masomo yaliendelea bila feni, mkunga akifuta kioo kwa kitambaa, na Mwalimu akamweleza yote.

"Mwanangu," alisema akiwa kwenye mzunguko, "mimi unaniambia nisikanyage breki ovyo. Wewe mbona umeikanyaga hujaiachia? Simu si hiyo hapo?"

Mwalimu alipiga. Haikupokelewa. Akapiga tena.

"Sema," fundi alijibu.

"Si yule mrefu. Ni mimi. Nilikata mwenyewe, nipate sababu ya kuja."



"Ulimenya waya kwa kitu gani?"

"Kwa meno."

Mwalimu alisikia kicheko kikimponyoka fundi, kisha kikakatika. "Ungemchoma mama wa watu, unajua?"

"Najua. Nimemwomba radhi, ameniita mpumbavu."

"Amekuwa mpole. Kwa nini hukuja tu?"

"Nije nisimame gerejini, gari zima, mtu mzima, niseme nimefuata nini, mpenzi?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Fundi hakulikataa.

"Jumapili njoo," alisema. "Gari liache. Uje kwa miguu, halafu hicho ulichofuata ukiseme."

Akaenda kwa miguu, shati jeupe, viatu vimekula vumbi la mtaa mzima. Fundi alikuwa mlangoni, gauni la njano, kilemba kilekile chekundu, mkate kwapani. Ng'ambo ya barabara yule mrefu aliacha spana akatazama.

"Karibu, Mwalimu. Kuna nini kibovu?"

"Hakuna."

"Sasa umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe. Nataka nikuoe, kama utanitaka."

Alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo. Fundi alimtazama toka viatuni hadi usoni, akafunga mlango wa bati, akatia kufuli.

"Feni tutaitengeneza kesho," alisema, na kumpa mkate. "Leo twende kwa mama yangu, ukayarudie hayo mbele yake. Shika. Usiubonyeze."