Mistari Iliyokosekana

Kwaru, kwaru, kwaru. Hakujapambazuka bado, na Mama alikuwa jikoni akichonga penseli kwa kisu cha kukatia vitunguu. Kila alfajiri alichonga penseli mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Kalamu ya wino hakuitaka, kwa sababu kule kijitoni umande ulilowesha karatasi na wino ukatambaa.

"Chiriku, amka mwanangu. Watu hawatatungoja."

Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mtaa mzima ulimpa jina hilo kwa sababu alianza kusema mapema na tangu hapo hakupumzika. Shule zilikuwa zimefungwa kwa miezi mingi kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa ukizunguka dunia, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki naye. Alivaa barakoa yake, akambebea Mama chupa ya maji, wakatoka.

Kazi ya Mama ilikuwa kuhesabu wavukaji. Geti kubwa la mpaka, lile la barabara ya lami, lilikuwa limefungwa kuzuia ugonjwa. Lakini nyuma ya matanuri ya matofali palikuwa na njia ya miguu iliyovuka kijito juu ya magogo mawili, na hiyo haikuwahi kufungwa na mtu. Watu walivuka kwenda kusaga, kutibiwa, kuzika, au kumwona binti aliyejifungua. Ofisi iliposikia, ilileta hema, tangi la maji lenye bomba, sabuni, nesi mmoja mwenye kipimajoto na dawa kidogo, na Mama na ubao wake wa kuandikia.

Mama alimfundisha Chiriku kuchora. Mtu akivuka, mstari mmoja. Wakifika wanne, wa tano unawakata katikati, kama fito zilizofungwa kamba. Chiriku alichora, na Mama akazungumza na wale waliokubali kusimama kidogo. Maswali yalikuwa manne tu: unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa sababu gani, utakaa muda gani.

Kila wiki alikuja bibi mmoja kutoka ng'ambo, mwembamba, mwenye ugonjwa wa sukari, kupimwa na kuchukua vidonge vyake. Kwao, zahanati ilikuwa mbali sana kwa miguu yake. Nesi alipomwona tu magogoni, alinyanyuka na kumpisha kwenye sanduku alilokalia, kisha yeye mwenyewe akafanya kazi kwa kusimama mpaka bibi aondoke.

"Nipime, Nesi," bibi alisema, "lakini kama namba ni mbaya, mwambie mwingine."

Jioni moja Chiriku alikwenda kuteka maji kwenye bomba la mtaa. Kwenye foleni alikuwapo Kijiti, msichana jirani aliyemzidi kimo na miaka miwili.

"Mpisheni, mpisheni!" Kijiti alipaza sauti. "Mtoto wa shushushu huyo!"

"Mama yangu si shushushu. Anahesabu tu."

"Anahesabu ili iweje? Leo mstari, kesho pingu! Yule bibi wa sukari akikamatwa, ujue ni mkono wako uliomchora."

Watoto wakacheka. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa jibu, siku hiyo alilikosa. Alirudi nyumbani na ndoo isiyojaa.

Usiku hakulalamika wala hakuuliza. Alikaza tu moyo. Asubuhi yake, watu wanne walipovuka, alichora mstari mmoja. Wengine wanne, mstari mmoja tena. *Hawa siwasaliti,* alijiambia, kidevu juu. *Hata Mama akinituma, siwasaliti.* Mama hakukagua. Alimwamini. Ikapita wiki ya kwanza, ikapita na ya pili, na Chiriku akajiona shujaa.

Ndipo mkaguzi wa ofisi alipokuja na pikipiki yake, akiongozana na mwenyekiti wa mtaa. Mkaguzi alifunua karatasi moja baada ya nyingine, akakunja uso.

"Wiki mbili hizi, watu thelathini kwa siku," alisema. "Na sabuni bado zinaisha vipande ishirini kwa wiki. Nesi, hapa watu wananawa sabuni au wanazila?"

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika kiuno. "Mimi nilisema toka mwanzo! Ripoti yangu iko wazi: mpaka umefungwa, hapiti mtu. Huyu karani wenu anahesabu mizimu."

"Sijachukua hata kipande kimoja," alisema Nesi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Utajieleza ofisini," mkaguzi alijibu. "Hema linahamia getini keshokutwa. Hatuwezi kuweka nesi na tangi mahali pasipo na watu wengi."

Bibi wa ng'ambo alikuwa ameketi kwenye sanduku, vidonge vyake mkononi. "Na mimi, baba, nitapimwa wapi?"

"Getini, bibi."

"Getini hawanipitishi."

Nesi aliokota kipande cha sabuni kilichoanguka, akakisuuza na kukirudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayeaga chumba. Chiriku alimtazama. Alijiona amesimama mbele ya kitu alichokivunja kwa mikono yake mwenyewe.

"Nesi hakuiba," alisema.

Mama aligeuka. "Chiriku?"

"Hakuiba. Watu wanapita wengi, wengi sana. Mimi ndiye niliyewaficha. Kwa watu wanne nilikuwa nachora mstari mmoja. Wiki mbili sasa."

Mama aliutazama ubao, halafu akamtazama binti yake, na Chiriku akatamani angefokewa.

"Aa!" Mwenyekiti alipunga mkono. "Mtoto huyu amefundishwa maneno."

"Sijafundishwa!" Chiriku aliruka. "Ningefundishwa, ningesema vizuri kuliko hivi. Na wewe mwenyekiti unajua wanapita, maana nyumba yako iko pale pale njiani!"

"Wewe! Adabu!"

"Shikamoo," alisema Chiriku, sauti ikimtetemeka. "Lakini unajua."

Bibi alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika kwa kicheko.

Mkaguzi alivua kofia ya pikipiki aliyokuwa bado ameivaa. "Sasa mimi niamini nini, binti? Karatasi iliyodanganya, au mdomo uliodanganya karatasi?"

"Usiamini chochote. Hesabu mwenyewe."

Mkaguzi aliitundika kofia kwenye usukani wa pikipiki. Kisha akasema angekaa siku tatu. Yeye angehesabu upande mmoja wa njia na Mama upande wa pili, bila kuchunguliana, na zile karatasi mbili ndizo zingeamua. Mwenyekiti aliondoka akinung'unika.

Walipofika nyumbani, Mama alimpakulia chakula.

"Nimekukasirikia," alisema, "na nitaendelea mpaka kesho. Kula kwanza."

Chiriku alikula huku machozi yakimdondoka. Baadaye alieleza yote, bomba, Kijiti, shushushu na pingu.

"Umewahi kunisikia nikimuuliza mtu jina?" Mama aliuliza.

Chiriku alifikiri. "Hapana."

"Kwa nini unadhani? Karatasi yangu haimjui mtu. Inajua tu kwamba amepita, alikotoka na anakokwenda. Ofisi ikijua hivyo, inajua ugonjwa unaweza kufika wapi, na maji na nesi wapelekwe wapi kabla haujafika. Kama ulikuwa na shaka na kazi yangu, ungeniuliza mimi. Mdomo wote huo, mwanangu, halafu swali moja likakushinda?"

Asubuhi walipofika kijitoni, magogo hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa matawi ya miiba, na pembeni mwenyekiti alikuwa amekalia kiti alichotoka nacho nyumbani, mguu juu ya mguu.

"Njia imefungwa," alisema. "Leo mkaguzi wenu atahesabu upepo."

Ng'ambo watu walikuwa wamejaa: mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wanaume wenye magunia ya kusaga, na mbele yao wote bibi wa sukari. Mkaguzi alikuwa bado hajafika.

Mama aliketi mahali pake, akabana karatasi kwenye ubao. "Sawa, mwenyekiti. Mimi naandika ninachokiona. Nitaandika: mwenyekiti ameziba njia kwa miiba, wagonjwa wamekaa ng'ambo. Lakini usiwe na wasiwasi, jina lako sitaliandika. Mimi siulizi majina."

"Unanitisha?"

"Nafanya kazi yangu."

Bibi alisogea hadi ukingoni. "Mwenyekiti! Nimetembea tangu giza. Leo ndiyo siku yangu ya dawa. Kama sipiti, nitakaa papa hapa, na nikianguka utakuja kunibeba wewe. Mimi mwembamba, lakini mifupa yangu mizito!"

Watu walicheka, ila si kwa furaha. Chiriku aliweka penseli chini, akaingia magogoni na kushika tawi la kwanza. Mwiba ukamchoma kidole. Alinyonya damu, akashika tena.

"Mtoto, toka hapo!" mwenyekiti alifoka.

"Sitoki."

Fundi mmoja wa matofali alikuwa amesimama na toroli lake. Alimtazama Chiriku, akatazama vidole vyake mwenyewe vilivyokomaa kwa udongo wa moto. "Hebu kaa kando, binti. Mikono hii haijui mwiba." Akabeba matawi mawili kwa mpigo. Wenzake watatu wakaja. Na nyuma yao akaja Kijiti, aliyekuwa akipeleka chai matanurini. Alitua birika, akaingia kazini bila kumtazama Chiriku usoni.

"Bibi huyo ni jirani wa shangazi yangu," alisema, kama mtu aliyeulizwa. "Halafu, lile neno nililokuita pale bombani, nimelirudisha."

Pikipiki ya mkaguzi ilipofika, magogo yalikuwa wazi.

"Nani aliweka miiba?" aliuliza.

Hapana aliyetaja mtu. Walimgeukia tu mwenyekiti, ambaye tawi moja dogo lilikuwa limenasa kwenye mkono wa koti lake, na kila alipolivuta lilizidi kung'ang'ania.

Fundi wa matofali alimshika bibi mkono akamvusha. Chiriku aliokota penseli na kumpa Mama.

"Chora wewe," Mama alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Nami nitakuwa nakutazama."

Chiriku alichora mstari, akahesabu kwa sauti ili hata wa ng'ambo wasikie. "Mmoja!"

Siku hiyo walivuka watu mia moja ishirini na saba, siku ya pili mia moja thelathini na mmoja, na ya tatu mia moja kumi na tisa. Karatasi mbili zilipowekwa pamoja, zilipishana mtu mmoja tu: mtoto aliyebebwa mgongoni, aliyefunikwa shuka, ambaye mkaguzi hakumwona na Chiriku alimwona.

Mkaguzi alikuwa mtu wa maneno machache, lakini hayo machache aliyasema mbele ya watu wote. "Nesi, nilikuvunjia heshima. Nisamehe. Hema halihami, na tangi la pili litaletwa." Mwenyekiti naye alitakiwa kuandika ripoti mpya. Aliiandika akiwa ameinama sana.

Chiriku alimwendea Nesi. Alikuwa amepanga maneno mengi, yakamponyoka yote.

"Nisamehe, dada. Nilikuponza."

"Nilijua tu sabuni hazina miguu," alisema Nesi, akamsogezea ndoo. "Nimekusamehe. Sasa sugua hii, na kesho usugue nyingine, mpaka wiki iishe. Msamaha na ndoo vinakwenda pamoja."

Mama alimkuta akisugua, akachutama kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Ulitaka kuwalinda watu wale, na moyo huo usiupoteze. Lakini ulipowafuta kwenye karatasi, uliwafutia maji, ukawafutia dawa, na ukamtupia lawama asiye na kosa. Ukimpenda mtu, usimfiche kwa uongo. Simama useme yupo, hata kama wakubwa wanapenda kusikia hayupo. Ile siku uliposema mbele ya mkaguzi, nilikuwa nimekasirika kweli kweli. Na bado nilijisikia mrefu kuliko lile tanuri."

Wiki iliyofuata bibi hakuja. Kijiti alileta habari kutoka kwa shangazi yake kwamba mguu wa bibi umevimba, hawezi kutembea. Nesi alifunga vidonge kwenye bahasha, akaandika maelezo kwa herufi kubwa, na Mama na Chiriku wakaomba ruhusa kuvipeleka. Walinawa, wakavaa barakoa, wakavuka magogo. Nyuma yao Nesi alichora mistari miwili.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Aliwaona wakiwa mbali, akaanza kupangusa kanga mpya ambayo haikuwa na vumbi.

"Mmenifuata mpaka huku?" alisema. "Na mimi nilidhani njia ile inakwenda upande mmoja tu!"

Walikaa uani, hatua kadhaa kutoka kwake. Chiriku alimsomea maelezo ya Nesi mara mbili, na ya tatu bibi akayasema mwenyewe bila kukosea. Akauliza habari za mwenyekiti na koti lake. Walicheka mpaka jirani akachungulia.

Jua lilipoanza kushuka, Mama alinyanyuka. Bibi hakuwa na haraka ya kuwaaga. Aliuliza kama wamekunywa maji, kama njia wanaijua, kama viatu vya Chiriku havimbani. Mwisho yakamwishia maswali.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi kwenu nimekuja mara nyingi. Ninyi kwangu mmekuja mara moja tu. Njooni tena. Hata kama mguu umepona, njooni."