Mguu wa Mjomba na Chuo cha Gundi

Kwi, kwi, kwi.

Mama hakuinua hata kichwa. Alikuwa anapiga pasi shati la mteja, na kazi ya dobi haitaki macho yazubae.

"Mjomba wako huyo," alimwambia binti yake. "Mwekee kiti."

Mjomba alikuwa kinyozi. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya ajali, zamani, wakati binti huyo angali mtoto mchanga. Sasa alivaa mguu wa bandia, na mguu huo ulilia kila alipokanyaga. Mtaa mzima uliujua mlio wake. Hakuna aliyeulizia kama kinyozi kafika. Watu walitega sikio tu.

Binti naye alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi, ila halikutumika. Watu walimwita Gundi, kwa sababu kila kilichovunjika alikiunganisha. Vikombe, viatu, miwani ya majirani, hata mpini wa pasi ya mama yake. Na kila Jumapili aliketi sakafuni mbele ya mjomba wake, akakaza skrubu za ule mguu, akabadilisha sponji ya ndani. Mjomba hakumruhusu mtu mwingine auguse.

"Leo nina habari njema," Mjomba alisema akiketi. "Chuo nimeshapata."

"Wewe? Unarudi shule na mvi hizo?" Mama alimtania.

"Cha Gundi, dada! Anakwenda Ghorofa Saba."

Ghorofa Saba ndivyo watu walivyokiita chuo kikubwa cha katikati ya mji. Kilikuwa na geti la kung'aa na vioo vitupu upande wa mbele. Ukipita pale ulijiona mzima, kuanzia viatu hadi nywele.

"Atasomea nini huko?" Mama aliuliza.

"Biashara, sheria, chochote. Anayetoka pale haulizwi amesoma nini. Wateja wangu wote wanakisifu. Nami nimeshawatangazia kwamba mpwa wangu anakwenda."

Gundi alikuwa amemaliza shule na kufaulu. Maombi ya vyuo yalikuwa yanafungwa wiki iliyofuata. Akajikaza, akasema.

"Mjomba, mimi nataka kujifunza kutengeneza miguu."

"Miguu ya meza?" Mjomba aliuliza akicheka.

"Ya watu. Kama wako."

Kicheko cha Mjomba kilikatika.

"Mwanangu, mguu huu nimeishi nao miaka yote," alisema taratibu. "Unaniuma. Watoto wananicheka barabarani. Sitaki na wewe uishi nao."

Gundi hakuweza kubisha. Baba yake alipofariki, mjomba huyu ndiye aliyemsomesha. Angewezaje kumvunja moyo? Akainama, akajifanya anatafuta kitu chini ya meza, machozi yasionekane.

Mlangoni alikuwa amesimama jirani yao wa nyumba ya pili. Alikuja kuchukua sare yake. Mwanamke huyo alifanya kazi hospitalini, katika chumba cha mazoezi ya viungo. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia waliovunjika na waliokatwa miguu wajifunze kutembea tena.

"Hodi. Samahani, nimesikia bila kuitwa," alisema. "Kinyozi, nikuulize. Mteja akija kwako, unamnyoa kwanza, halafu ndipo unamuuliza anataka mtindo gani?"

"Nimerogwa?" Mjomba alijibu. "Si nitafunga kibanda!"

"Basi chuo nacho ni hivyo hivyo. Muulize kwanza anataka kazi gani. Kisha tafuteni kozi inayofundisha kazi hiyo. Chuo ndicho cha mwisho. Ninyi mmeanza na geti."

Mama aliweka pasi pembeni. Jirani akamgeukia Gundi.

"Mwanangu, unapenda nini katika kazi hiyo?"

Gundi alifikiri. "Napenda nikishabadilisha sponji," alisema, "Mjomba akasimama bila kukunja uso."

Mjomba akatazama ukuta.

"Hayo ni majibu ya mtu anayejua anachotaka," alisema Jirani. "Na kozi yake ipo. Inaitwa kozi ya viungo bandia. Hospitalini kwetu mafundi wa kazi hiyo hawatoshi. Wagonjwa wanasubiri."

Akatoa simu, akafungua ukurasa wa mamlaka inayosimamia vyuo.

"Tazameni hapa. Chuo kikisajiliwa, jina lake lipo. Lakini msiishie hapo. Tazameni na kozi, kwa sababu chuo kinaweza kusajiliwa na kozi yake isiwe na kibali. Cheti cha kozi isiyo na kibali hakitakupa kazi."

Kozi ya viungo bandia ilionekana kwenye chuo kimoja kidogo, nje kidogo ya mji. Kwenye jina la Ghorofa Saba haikuwepo.

"Mtandao umekosea!" Mjomba alisema. "Mimi kozi hiyo nimeiona kwenye bango lao, kubwa, lenye picha!"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Jirani alijibu akicheka. "Lakini msinisadiki mimi. Nendeni mkaone. Nendeni siku ya kawaida ya masomo, si siku ya sherehe. Ombeni kuona karakana. Na msizungumze na watu wa ofisini peke yao. Ulizeni wanafunzi."

Kesho yake Gundi, Mama na Mjomba wakaenda Ghorofa Saba, Mjomba amevaa koti lake la harusini. Walikaribishwa kwenye kochi laini, wakapewa maji baridi. Mjomba alijiegemeza kama mwenye chuo.

"Tunaomba kuona karakana ya viungo bandia," alisema Gundi.

Dada wa mapokezi alikuwa mtu mkweli. "Karakana bado. Kozi itaanza kibali kikitoka."

"Kitatoka lini?"

"Karibuni."

"Karibuni ya lini?" Mjomba aliuliza.

Dada alitabasamu tu. Aliwaambia kozi nyingine za chuo ni nzuri na zina vibali. Ilikuwa kweli. Lakini hakuna hata moja iliyokuwa ya Gundi.

Kutoka hapo walishika njia ya chuo kidogo, Mjomba mbele. Mguu peke yake ndio uliozungumza. Kwi, kwi, kwi.

Chuo kidogo hakikuwa na vioo. Kilikuwa na jengo refu la bati, na ndani yake nyundo zilikuwa zinagonga. Wanafunzi walivaa aproni zilizojaa vumbi jeupe la plasta. Gundi aliingia akasahau hata kusalimia. Macho yake yalikuwa mezani, kwenye miguu iliyopangwa safu, mirefu na mifupi, mingine midogo ya watoto.

Mzee mmoja alikuwa anajifunza kutembea katikati ya vyuma viwili vya kushikia. Alivaa mguu wa bandia. Alikwenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Mjomba alimkodolea macho.

"Mbona mguu wake hausikiki?" aliuliza.

Mwalimu wa karakana alikuja. Akamwomba Mjomba ruhusa ya kuutazama wake. Mjomba akasita. Akamtazama Gundi. Kisha akaketi, akauvua, mbele ya watu wote.

"Huu umeupata lini?" Mwalimu aliuliza.

Mjomba alimweleza.

"Baba, mguu wa bandia hauvaliwi maisha yote. Mwili unabadilika, na mguu unachakaa. Unatakiwa kukaguliwa, na ukishapitwa na wakati, unabadilishwa. Nani ameweka sponji hii hapa pembeni?"

"Mimi," Gundi alisema kwa woga.

"Umeiweka mahali hasa panapombana. Nani amekufundisha?"

"Uso wa mjomba."

Mwalimu akacheka kwa furaha. Akawaonyesha sifa za kuingia: kufaulu baiolojia na fizikia. Gundi alizifaulu zote mbili. Mama, ambaye hajawahi kununua hata sabuni bila kuuliza, akauliza ada yote kwa mwaka, na vifaa, na malazi, ili gharama zisije zikamshtua baadaye. Gundi akawauliza wanafunzi waliomaliza wako wapi. Wakamtajia hospitali na vituo wanakofanya kazi.

Walipotoka nje, Mjomba alisimama.

"Sasa wateja wangu nitawaambia nini?"

"Waambie umebadilisha mtindo," alisema Mama.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta.

Gundi aliomba chuo hicho kabla maombi hayajafungwa. Jirani alimshauri aweke na chaguo la pili, akaweka kozi ya kutengeneza vifaa vya hospitali. Hakulihitaji. Jibu la chuo kidogo lilipokuja, Mama alipiga vigelegele hadi Jirani akaja mbio akidhani nyumba inaungua. Mjomba alifunga kibanda mchana kweupe. Aliona fahari, na hakuificha.

Gundi alisoma kwa bidii. Katika mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitengeneza mguu wa mtu mmoja, mwalimu akisimamia. Gundi alijua wa nani tangu siku ya kwanza.

Siku moja Mama alikuwa anapiga pasi, ameupa mlango mgongo.

"Dada," sauti ilisema nyuma yake.

Mama aliruka. Pasi nusura imponyoke.

"Wee! Umeingiaje? Mbona sikukusikia?"

Mjomba alikuwa amesimama katikati ya chumba, wima, machozi yanamtoka naye anacheka. Nyuma yake Gundi alikuwa bado na vumbi la plasta kwenye nywele.

"Nimeingia kwa miguu," Mjomba alisema. "Yote miwili."

Akatoka tena, akapita barabara nzima hadi kibandani kwake, kifua mbele. Hakukunja uso hata mara moja. Na tangu siku hiyo, watu wa mtaa ule wakitaka kujua kama kinyozi kafika, inabidi waulizie.